Riwaya imenigomea sura ya 14, mnafanyanga aje wenzangu?

NyarNam
Habari zenu nyote. Niko Kisumu, naandika riwaya ya Kiswahili, ya kwanza, na imenigomea. Si ati sina wazo. Wazo niko nalo, mwisho naujua, hata sentensi ya mwisho nilishaandika nikaiweka kando. Shida ni sura ya 14. Nafungua kompyuta usiku watoto wakilala, nasoma sura ya 13, nafika chini, naona hapo peupe, naandika mistari mitatu, nafuta, naenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vishaoshwa. Sasa imefika mahali hata nikiiona tu hiyo kompyuta kwa meza nasikia uchovu.

Hadithi kwa ufupi nisiwachoshe: mjane anauza samaki pale Dunga, bwanake alikuwa mvuvi akapotelea ziwani. Shamba la bwana liko Seme, na shemeji anataka amrithi, mama na shamba pamoja, ile tero ya zamani. Mjane anakataa. Sura za kwanza zilikuwa zinatiririka, wanawake wanangoja boti alfajiri, hayo mambo ya jaboya vile mwanamke asipokuwa na mvuvi "wake" samaki hapati, gugumaji likifunga ufuo watu wanalala njaa, hiyo yote naijua juu nimekulia hapo. Sura ya 13 inaisha mjane amepanda basi la usiku kwenda Nairobi kumshtaki shemeji. Sura ya 14 ndio anafika Nairobi. Na hapo ndio kumekauka kabisa.

Nimejaribu kubadilisha saa, nimejaribu daftari badala ya kompyuta, nimejaribu kahawa, nimejaribu kuiacha nikitarajia nitaimiss, nimesali. Kila mahali nikisoma naambiwa "andika tu chochote". Nimeandika chochote. Na ni chochote kweli.

FundiKondele
Hakuna kitu inaitwa kukwama. Mi natengeneza simu hapa Kondele, kuna siku nimeamka nikasema leo sina mzuka wa kubadilisha skrini? Mteja si amesimama hapo. Kaa chini uandike. Kuna Muingereza alikuwa anaitwa Anthony Trollope, mtu wa posta, kila asubuhi kabla aende kazi anaweka saa mezani, maneno 250 kila robo saa. Riwaya 47 ametoa na bado barua za watu zilifika. Basi.

MshairiWaSteji
Na Ngugi je, Kamiti 1978, karatasi ya choo, riwaya nzima. Wewe uko na kompyuta na stima unalia

NyarNam
Stima ni siku zingine hahaha. Na hiyo karatasi ya choo kila mwandishi akilalamika mnamletea. Ngugi pale jela walimnyima kila kitu isipokuwa muda. Mi nipeeni wiki moja tu bila mtu kuniuliza soksi iko wapi halafu tuongee. Na huyo wa posta, nani alikuwa anampikia?

MwalimuKanduyi
Kwa kweli Trollope alikuwa na mtumishi wa kumwamsha. Ameandika mwenyewe kwamba alimlipa pauni 5 za ziada kwa mwaka kwa kazi hiyo, ndipo akawa mezani saa kumi na moja na nusu asubuhi. Na jambo ambalo wanaomtaja hulisahau: nusu saa ya kwanza hakuwa akiandika, alikuwa akisoma kazi ya jana. Kwa hiyo Fundi usimfanye awe mashine.

FundiKondele
Sawa mwalimu, pauni 5 sina, alamu ya simu niko nayo.

MamaPacha
Dada pole. Kabla hawa wanaume wakujaze mambo ya saa na karatasi nikuulize kitu moja. Ni riwaya pekee imekauka ama ni kila kitu? Unalala? Unakula? Watu wakikuja nyumbani unafurahi ama unataka waende? Nauliza juu mi kazi yangu ni wodini hospitali, na nimeona watu wengi wakijiita wavivu kumbe ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni. Kama ni kila kitu, na imepita wiki mbili, hiyo wachana na ushauri wa mtandaoni uende uone daktari. Kama ni kompyuta tu basi wacha nikae kando nisome.

NyarNam
Asante sana dadangu, na asante kwa kuuliza kabla ya kunishauri. Niko sawa. Nakula hadi nazidisha, nacheka. Juzi hata jirani alifiwa na babake wakaniomba niwaandikie wasifu wa marehemu wa kusomwa mazishini, nikakaa chini nikaandika kurasa nne bila kusimama. Ni sura ya 14 tu.

MhaririLanet
Hapo kwa kurasa nne za marehemu ndio nimesimama. Mtu anayeandika hivyo kichwa chake hakijafunga.

Mi nahariri miswada ya Kiswahili hapa Nakuru, kampuni siitaji. Hili neno la Kiingereza la kukwama kwa mwandishi, "writer's block", lililetwa na daktari mmoja wa akili, Edmund Bergler, 1947, na yeye alikuwa anaamini mizizi ya hiyo hali iko utotoni, mambo ya mama na maziwa. Tangu hapo mwandishi akikwama tunamchungulia yeye, amelalaje, anaogopa nini, ana nidhamu ama hana. Wakati mwingine ni kweli, kama vile MamaPacha amesema. Lakini mi nikipewa muswada umekatika katikati, mwandishi namwacha kwanza, nachungulia muswada. Na ukiangalia vizuri haukatikii popote tu. Mtu ameandika sura nyingi raha mustarehe, halafu anagonga ukuta baada ya mhusika kulazimishwa kufanya kitu. Mkono wa mwandishi unagoma kwa sababu unajua jambo ambalo mwandishi hajakubali bado kulijua.

Kwa hivyo nisaidie. Kwa nini Nairobi? Huyo shemeji anataka nini hasa, na ana haki gani kuitaka? Na hiyo mistari mitatu unaandikanga ukifuta, unaweza kuiweka hapa?

NyarNam
Nairobi juu ndio kuna korti kubwa. Na pia, sijui, riwaya ikifika katikati si mtu huenda Nairobi? Shemeji ni mlevi, anataka shamba auze, ndio hiyo tu. Mistari hii hapa, msinicheke:

"Jogoo wa kwanza alipowika, basi lilikuwa limewasili katika jiji la Nairobi, jiji la mabwanyenye na makabwela. Mjane alishuka kwa taadhima huku machozi yakimdondoka njia mbili mbili. Ama kweli, usilolijua ni usiku wa giza."

MshairiWaSteji
Hiyo ni insha ya KCPE hahahaha nimeona mpaka kalamu nyekundu ya mwalimu, "hongera, 36/40"

FundiKondele
Jogoo wa wapi anawika steji ya basi Nairobi

NyarNam
Nilisema msinicheke!! Lakini ni kweli, sura ya kwanza haiko hivyo hata kidogo. Nimerudi kuisoma sasa hivi. Pale ufuoni watu wanaongea kama watu.

MhaririLanet
Hiyo ndio dalili naitafutanga. Mkenya aliyesoma Kiswahili shuleni akiishiwa na cha kusema, insha inaingia. Kuna akiba kubwa kichwani ya machozi njia mbili mbili, jogoo, taadhima, methali ya kufungia, yote ilihifadhiwa kwa ajili ya mtihani na ilimpa alama. Ukiona aya yako imejaa hivyo ujue hapo huoni kitu mbele yako. Dunga unaiona. Hiyo Nairobi huioni, unaijaza.

MwalimuKanduyi
Naomba nisimame kidogo hapo mhariri. Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote mpaka nikastaafu, na hizo insha mnazozicheka ndizo zilizowafanya mkaweza kuandika hata hapa. Sasa hivi vijana wanataka riwaya ya Kiswahili iandikwe kwa lugha ya makanga, ati ndiyo uhalisia. Nani ataisoma Pemba? Nani ataisoma miaka 30 ijayo?

MhaririLanet
Mwalimu shikamoo, sijasema sanifu iondoke. Sanifu na insha ni vitu viwili tofauti. Sanifu ni lugha, unaweza kuitumia kusema jambo lolote lile, hata kutukana. Insha ni tabia ya kusema jambo kabla ya kuliangalia. Msimulizi wake abaki na sanifu safi hata mi ningependa hivyo, tena wachapishaji wengi hapa kwetu wanaangalia soko la shule na hilo hatuwezi kulipuuza. Lakini mvuvi wa Dunga akifungua mdomo kwa mazungumzo aongee vile wanavyoongea Dunga.

MwalimuKanduyi
Marahaba. Hapo kwa mazungumzo nakubali, kwa masharti. Makosa ya ngeli kwenye mazungumzo yawe ya mhusika, yasiwe ya mwandishi. Msomaji hutambua upesi sana ni ya nani.

NyarNam
Mwalimu hiyo nimeiandika kwa karatasi.

FundiKondele
Sasa mhariri nielimishe, mtu atajuaje leo ni siku ya kusukuma na leo ni siku ya kurudi nyuma? Juu nikifuata hiyo yako, kila nikichoka nitasema hadithi ndio mbovu, na naandikanga pia sikuwaambia, niko na hadithi fupi kadhaa hapa kwa simu.

MhaririLanet
Swali zuri sana na ningetaka kila mtu aliulize. Mi natumia mtihani wa mdomo. Mtafute mtu wa kawaida, asiyeandika, mkiwa jikoni ama kwa matatu, umsimulie hiyo sura inayofuata. Ukiisimulia ikatoka, yeye anauliza "halafu?", basi hadithi iko sawa, kilichobaki ni makalio na kiti, hapo mfuate Trollope wako na kama 250 ni nyingi andika 100. Lakini ukifika katikati ukaanza kusema "halafu anaenda huko sijui anakutana na mtu flani hivi", usisukume. Ukisukuma utapata kurasa nyingi mbovu na itakuwa vigumu zaidi kuzitupa. Rudi nyuma. Na usirudi ukurasa mmoja ukaanza kubadilisha maneno, rudi hadi mahali pa mwisho ulikuwa unaandika na hutaki kulala. NyarNam kwako ni wapi?

NyarNam
Sura ya 11. Mjane na shemeji wanagawana nyavu za marehemu. Wanagombana mpaka usiku wa manane, wanataja mambo ya miaka, halafu shemeji anawasha jiko anamkaangia ngege juu anajua hajakula tangu asubuhi. Niliandika hiyo kwa usiku mmoja, adhana ya asubuhi ikanipata bado niko macho.

MhaririLanet
Shemeji mlevi mbaya anayetaka kuuza shamba anamkaangia samaki?

NyarNam
Ilijiandika tu hivyo.

MhaririLanet
Huyo wa samaki ndiye shemeji wako. Yule wa sura ya 12 na 13 ni mtu mwingine umemkodisha aje amsukume mama mpaka kwa basi. Ndio maana hata mama hashuki, hana sababu ya kuwa huko.

MamaPacha
Yawa. Mi nimependa huyu wa ngege.

KaraniLurambi
Samahani kuingilia, mi si mwandishi, ni msomaji tu. Nafanya kazi kwa ofisi ya wakili hapa Kakamega na faili za urithi ndio zinanilisha. Huyo mama hafai kuwa kwa hiyo basi hata kisheria. Kisumu kuna Mahakama Kuu, kuna korti ya ardhi, na kesi za urithi hata mahakimu wanasikiza kulingana na thamani ya mali. Shamba kama liko Seme na liko kwa jina la marehemu, Nairobi anaenda kutafuta nini?

Safari yake ya kwanza ni kwa chifu. Anahitaji barua ya chifu wa kule kwa marehemu, inataja warithi wote. Sasa nikuulize kama msomaji, chifu wa hapo anakunywa chai na nani, na mama ama na shemeji? Umeona hiyo tayari ni sura. Akishapata barua, na cheti cha kifo, anapeleka ombi kortini, linachapishwa kwa gazeti rasmi la serikali, na kuna siku 30 za mtu yeyote mwenye pingamizi kujitokeza. Siku 30 huyo mama analala aje? Na granti, ile hati ya kusimamia mali, ikitoka bado, kwa kawaida kuna kungoja miezi 6 ndio ithibitishwe na shamba ligawanywe. Hiyo ni Sheria ya Urithi, Sura ya 160, imetumika tangu 1981. Nimeona familia zikivunjika kwa hiyo miezi 6 na nimeona zingine zikipatana kwa hiyo miezi 6, hata ilikuwa watu hawasalimiani kwa benchi halafu siku ya mwisho wanakuja na gari moja.

NyarNam
Mungu wangu. Nilikuwa nafikiria korti ni jengo mtu anaingia analia jaji anasikia.

KaraniLurambi
Wengi hufikiria hivyo hata wateja. Lakini kuna kitu umeandika pale juu kimenisumbua. Umesema bwana "alipotelea" ziwani. Mwili ulipatikana?

NyarNam
Hapana. Sura ya 2. Boti ilipatikana imepinduka upande wa kisiwa cha Ndere, yeye hakuonekana tena.

KaraniLurambi
Basi cheti cha kifo kitatoka wapi? Kama kuna watu walimwona akizama wakili anaweza kutafuta njia, hiyo niwaachie mawakili. Lakini kama hakuna aliyeona, sheria ya ushahidi inasema mtu asiposikika miaka 7 na wale ambao wangepaswa kumsikia ndio anachukuliwa kuwa amekufa. Miaka 7! Kwa hiyo mama hawezi kurithi, shemeji hawezi kuuza, hakuna mtu anaweza kufanya kitu na hiyo shamba kihalali. Wote wawili wamefungwa kwa mtu ambaye hayuko.

MhaririLanet
Haya sasa.

MshairiWaSteji
Nimeacha kubeba abiria nisome huu uzi

MwalimuKanduyi
NyarNam, wewe ni wa huko, utanisahihisha. Nimekaa na Wajaluo miaka mingi nikifundisha. Mtu akipotelea ziwani na mwili usipatikane, si huzikwa yago badala yake? Lile tunda kubwa refu la mti wa mwegea.

NyarNam
Ndio mwalimu, yago. Linazikwa kama mtu, kwa kaburi, na watu wanalia. Nilihudhuria moja nikiwa mdogo, niliogopa hilo tunda miaka.

Subirini kidogo.

Subirini. Tero haiwezi kuja kabla ya mazishi. Mwili haujapatikana, mazishi hayajafanyika. Kwa hivyo shemeji kwanza lazima yago lizikwe. Na mjane akikubali lizikwe amekubali bwana amekufa. Kwa hivyo kile anakataa si shemeji, anakataa shimo lichimbwe. Na shemeji mtu wa kukaanga samaki, yeye ni ndugu ya huyo mtu jamani, hajazika ndugu yake, kwa boma watu wanamwambia roho ya ndugu inazunguka sababu yake. Yeye anataka kuzika. Shamba ni baadaye huko. Yeye anataka kuzika ndugu yake na huyu mama hamruhusu.

Nimetoka. Naenda kuandika.

FundiKondele
Sasa si ndio nilisema. Akae chini aandike.

MhaririLanet
Angekaa chini akaandika maneno 250 kila robo saa vile ulisema, saa hii angekuwa River Road huko Nairobi na kurasa mia.

FundiKondele
Hahaha sawa hiyo nimekubali. Lakini pia usiseme kila mtu ako na karani wa wakili wa kumwuliza. Mi hadithi zangu ni za fundi wa simu, kila kitu najua, na bado kuna siku haitoki.

MhaririLanet
Kweli. Na hapo sina dawa moja. Kuna uchovu wa kawaida, mtu ametoka kazi saa mbili usiku atoe nini? Kuna woga wa kumaliza pia, kitabu kikiisha watu watakisoma, na afadhali kiendelee kuwa kizuri kichwani. Huo woga unafanana sana na kukwama na mi siwezi kuutambua kwa karatasi, ni mtu mwenyewe. Ila kwa mtu mwenye kazi ya kutwa, ninachoambia watu ni usimalizie mahali umemaliza. Acha katikati ya mazungumzo, mtu mmoja ameuliza mwingine hajajibu, funga kompyuta. Kesho ukifungua kuna mtu anangoja jibu. Hemingway alikuwa akifanya karibu na hivyo, anasimama akiwa bado anajua kitakachofuata.

MamaPacha
Na wale tunaandikia simu jikoni? Mi najirekodi tu. Nabonyeza nazungumza nikikata sukuma, naongea Kiluhya, Kiswahili, chochote kinakuja, halafu siku ya ofu nasikiliza naandika. Ile sauti yangu ya jikoni haijui insha hata kidogo. Shida ni mapacha wanaingilia, kuna rekodi moja ya hadithi ya mapenzi ghafla mtu anaitisha uji.

MwalimuKanduyi
Usiufute huo uji. Uache ndani.

NyarNam
Nimerudi. Samahani nilipotea, nilitupa sura ya 12 na 13 zote, basi na Nairobi na kila kitu, nikaanzia asubuhi ya baada ya ngege. Nilifanya kama MamaPacha, nilijirekodi kwa Dholuo kwanza nikiwa natembea kutoka soko la Jubilee, watu wakanishangaa, halafu nikaandika kwa Kiswahili. Nawawekea kipande, hii ndio 12 mpya:

Shemeji alikuja na gunia la mbolea begani. Akaliweka mlangoni, akabaki amesimama.
"Hiyo ni nini?"
"Unajua."
"Mi sijui."
"Shem, watu wamengoja. Mzee anasema mvua ikianza tutachimba kwa matope."
"Chimbeni. Akirudi mtamwambia hilo shimo ni la nani?"
"Akirudi nitaingia mimi."
Mama akaangalia gunia. Lilikuwa refu kuliko alivyokumbuka, na mtu alikuwa amelifunga kamba mbili, juu na chini, kama anayeogopa litaumia.

MshairiWaSteji
"Akirudi nitaingia mimi." Nimeweka simu chini

MwalimuKanduyi
Msimulizi sanifu, wahusika wa kwao. Nimeridhika. Hapo "kama anayeogopa litaumia" ni pazuri, usiongeze kitu.

MhaririLanet
Hakuna chozi hata moja hapo na hakuna methali. Endelea hivyo hivyo. Sura za zamani za 12 na 13 usizifute lakini, ziweke kando, kuna siku utataka kitu huko.

MamaPacha
Mi niseme tu shemeji ako na haki. Ni ndugu yake. Hata mimi ningetaka kuzika.

FundiKondele
Haki gani? Bado anataka shamba huyo, tunda ni mbinu.

NyarNam
Shamba anataka kweli, sijalitoa. Aliuza ng'ombe wake wawili ndugu akanunua injini ya boti, na hiyo pesa hajawahi kurudishiwa. Hiyo iko tangu mwanzo lakini nilikuwa nimeiandika mstari mmoja tu nikapita.

KaraniLurambi
Hiyo injini, risiti iko kwa jina la nani?

NyarNam
La shemeji.

KaraniLurambi
Basi hiyo si mali ya marehemu, anaweza kuichukua leo bila chifu bila korti. Iko wapi?

NyarNam
Haikupatikana. Boti ilipatikana bila injini, niliandika hivyo sura ya 2 bila hata kufikiria, nilidhani imezama.

MshairiWaSteji
Ngoja kwanza. Injini imefungwa kwa boti na bolti, boti imepinduka, injini pekee imetoka???

FundiKondele
Haitoki. Hiyo lazima mtu aifungue na spana.

NyarNam
Sura ya 15 hiyo. Niachieni.